Kwa Nini Yungiyungi Hufumba Jioni

Kulikuwa na wakati yungiyungi halikujua kufumba. Lilikaa wazi juu ya maji mchana kutwa na usiku kucha, likitazamwa na kila aliyepita.

Siku hizo mfalme mkuu wa Wachina alikuwa na kasri la kukimbia joto la kiangazi. Ziwa lake lilichimbwa kwa mikono ya watu, na udongo wake ukawa kilima. Mawe yaliletwa kutoka mbali, miti ya mierebi ikaletwa, samaki wekundu wakaletwa. Bustani nzima haikuwa na mwenyeji.

Suyin naye aliletwa. Alikuwa binti wa wachuma chai wa milima ya kusini, na kazi yake kasrini ilikuwa kuchemsha maji. Watu walijaa kila ukumbi, lakini hakuna aliyemwuliza ameamkaje. Walimwita Birika.

Alipoondoka kwao, mama yake alimfungia majani ya chai katika kitambaa. "Usiyanywe, mwanangu. Ukitukumbuka, nusa tu."

Basi kila jioni Suyin aliketi ukingoni mwa ziwa akanusa moshi wa jiko lao, ukungu wa mlimani, na viganja vya mama yake. Kisha alilisimulia yungiyungi habari za nyumbani, kwa kuwa hilo peke yake halikumharakisha.

Ila sheria ya kasri ilimkataza mtumishi kuweka kitu chochote cha kwao. Kikionekana, kilichomwa. Jioni moja Suyin alisikia viatu vya Bibi Guo, msimamizi wa wasichana. Hakuwa na pa kuficha. Aliinama, akayamimina majani ndani ya ua, akakitupa kitambaa majini.

"Nifichie," akanong'ona.

Yungiyungi halikuwahi kuombwa lolote ila kupendeza. Likazikusanya petali zake, moja baada ya nyingine, likafumba.

"Birika! Mbona unanukia moshi wa kijijini?"

"Ni jasho, Bibi."

"Jasho la mbuzi, labda! Kung'uta nguo." Bibi Guo akampekua asipate kitu. Akaligeukia ziwa. "Na ua hili lina nini?"

"Huenda limechoka kutazamwa, Bibi."

Bibi Guo, aliyeletwa pale angali mtoto, aliligeuzia ua kisogo. Kisha akaenda zake.

Kulipopambazuka Suyin alirudi mbio. Ua lilifunguka, na majani yote yalikuwamo, makavu. Akayanusa. Yalinukia yungiyungi. Akanusa tena, akatafuta moshi, ukungu, viganja. Havikuwapo. Ua lilikuwa limeyakumbatia kwa nguvu mno, likayaachia harufu yake.

"Hukukusudia," Suyin akasema, akalia.

Jioni aliyarudisha majani ndani ya ua, huenda lingemrudishia alichopoteza. Likafumba tena. Asubuhi ikawa vilevile, na kesho yake, hadi Suyin akazeeka palepale.

Na tangu siku hiyo, jua likishuka, yungiyungi hujifumba likatafuta ndani yake harufu ya nyumbani kwa Suyin. Asubuhi hufunguka bila kuipata. Watu wa nchi ile nao hulaza majani ya chai ndani ya ua, wakayanywa na kuyasifu utamu. Lakini anayeinywa chai hiyo akiwa mbali na kwao, husita kidogo kabla ya kumeza, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina lake.