Siagi Iliyomwinua Kemilembe

Tegeni masikio, wala asisinzie mtu, maana hukumu ya kisa hiki nitawaachia ninyi.

Katika vilima vya Karagwe aliishi mama mmoja, Kemilembe, pamoja na wake watatu wa wanawe. Nyamwiza alijua ng'ombe. Akimtazama mnyama machoni, hujua anaumwa wapi. Kagemulo alikuwa na mikono isiyochoka, na mtoto mchanga mgongoni. Kokubanza alijaliwa ulimi: akionja chakula mara moja, hukipika vilevile hata baada ya miaka. Ila yeye na mama mkwe wake walikuwa hawasemezani mwaka wa pili sasa, tangu Kemilembe alipomfukuza jikoni mbele ya wageni.

Kiangazi kimoja kikali, Byabato, kitinda mimba wa Kemilembe, aliyekuwa mume wa Nyamwiza, akafariki. Walipokwisha kumzika, Kemilembe alilala akaugeukia ukuta. Hakulia, wala hakula. Uji ukaletwa ukapoa, ndizi zikaletwa zikapoa. Maji tu ndiyo aliyopokea. Siku ya tatu Kagemulo akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, hakuna hata kimoja unachokitamani?"

Kemilembe akageuza uso kutoka ukutani. "Siagi," akasema. "Ile nyeupe, niliyokuwa nikimwagia Byabato juu ya ndizi."

Siagi, na ng'ombe wote wamekauka! Amebaki Gaju peke yake, mwenye ndama jike, naye amelala zizini hawezi kuinuka.

Nyamwiza akainuka mkekani. Wazee wakamkataza: mjane hatoki kabla ya kuanua matanga. Akatoka. Alishuka hadi bondeni, akakata majani mabichi, akapanda nayo kichwani, akamlisha Gaju kwa mkono, fungu kwa fungu, siku mbili. Gaju akasimama, akakamuliwa.

Maziwa yalikuwa haba mno. Kagemulo akayamimina kibuyuni, akaongeza na kikombe alichotengewa mwanawe. Yalipoganda akapakata kibuyu, akaanza kukisukasuka. Kemilembe, kule kitandani, alisikia mlio wa maziwa yakisukwa asubuhi nzima, na mtoto akilia kwa njaa. Jua likafika utosini. Viganja vya Kagemulo vilikuwa vimetoka malengelenge na kupasuka. Ndipo sauti ikabadilika, donge likawa linagonga ndani ya kibuyu. Ilipatikana siagi kiasi cha yai.

Lakini siagi ile nyeupe Kemilembe hakuwa amemfundisha mtu. Kokubanza aliwahi kuionja, mara moja tu, siku ile ile aliyofukuzwa. Akaja, akasimama kizingitini pa jiko.

"Mama, niingie?"

Kemilembe aliitambua sauti, na aibu ikamchoma. "Ingia, mwanangu."

Kokubanza akaiosha siagi kwa maji baridi, akaipiga kwa maji ya chumvi mpaka ikawa nyeupe kama povu, akaimwaga juu ya ndizi za moto.

Kemilembe akaonja. Machozi yakamtoka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alilia huku anakula, akala huku analia, hadi sahani ikawa tupu. Kesho yake akatoka nje kwa miguu yake.

Matanga yalipoanuliwa, aliwaita wakwe zake mbele ya jamaa wote.

"Nimewiwa uhai wangu, na nina ndama huyu wa Gaju tu. Hagawanyiki. Semeni."

"Mama," alisema Nyamwiza, "shemeji zangu wanataka nirudi kwetu kwa kuwa sina mtoto. Nikiwa na ng'ombe hapa, nina mahali."

Kagemulo alimpakata mwanawe. "Huyu alikupa kikombe chake, mama. Mtazame, mpaka leo mwili haujamrudi."

Kokubanza aliinamisha kichwa. "Mimi sina shida ya ng'ombe. Lakini ulinivunjia heshima mbele ya watu. Nirudishie mbele ya watu, kwa kunikabidhi ndama huyu."

Kemilembe aliishika kamba ya ndama, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamtazama wa tatu. Kila alipotaka kunyoosha mkono, moyo ulimrudisha.

Basi, ninyi mlionisikiliza: kamba hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?