Kindi na Muhuri wa Kifaru

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na sarafu lakini hawakuzitumia kama pesa. Walizikusanya kuzitazama na kubadilishana, kama ninyi mnavyokusanya vifuniko vya soda mkavificha chini ya kitanda. Mwenye sarafu nyingi za kale ndiye aliyepishwa njiani. Upuuzi mtupu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi alikuwapo Kindi, mama wa watoto wanne. Siku moja alikuwa akifukua mahali alipozika karanga zake. Fuku, fuku, fuku. Ngi! Kucha zikagonga kitu. Akatoa sarafu ya shaba, nyeusi kwa uzee, yenye picha ya mizani upande mmoja na kipengo kidogo ukingoni.

"Jamani, nimepona!" akasema.

Alisema hivyo kwa sababu hakuwa na mbegu. Mchwa walikuwa wamemaliza mtama wake wote, na mawingu ya masika yalikwisha kukusanyika. Asipopanda wiki ile, watoto wangelala na njaa mwaka mzima. Na mbegu alikuwa nazo mmoja tu, Fisi, mwenye ghala kubwa na tamaa ya sarafu iliyolipita ghala.

Kindi akakimbia mpaka kwa Fisi.

"Hodi, Bwana Fisi!"

"Karibu. Umeleta nini?"

"Sarafu ya kale. Nipe magunia mawili ya mbegu."

Fisi akaigeuzageuza, akaisogeza machoni, akakunja pua. "Mbona haing'ai? Na hapa ina kipengo. Ina muhuri wa Kifaru?"

"Haina. Lakini si unaiona mwenyewe?"

"Mimi sitaki kuona, nataka muhuri. Kapimishe kwanza!"

Kifaru ndiye aliyekuwa mpimaji wa sarafu wa nchi nzima. Unampelekea sarafu pamoja na mzigo wa majani mabichi, naye anaishika, anaguna, anaitia ndani ya kijisanduku cha mwanzi na kukiziba kwa nta. Kisha anagonga muhuri wenye alama, kuanzia moja hadi kumi. Na alama ya Kifaru haikupingwa. Nani abishane na pembe ile?

Kindi akakata majani, akaenda. Paka, paka, paka, akafika mlangoni.

"Nani huyo mwenye hatua za kuku?" akauliza Kifaru.

"Ni mimi Kindi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Lete." Akaishika sarafu. "Hmm. Mbili!" Akaitia sandukuni, akagonga muhuri. Gwa!

"Mbili, mzee? Hata upande wa pili hujautazama!"

"Nimesema mbili. Mwingine aje!"

Kindi alitoka machozi yakimlengalenga. Kwa alama mbili Fisi hutoa konzi moja ya mbegu, nayo haimshibishi hata kifaranga. Akakaa nyuma ya mlango ajipanguse uso.

Mara akasikia, tii! tii! tii! Ardhi ikatikisika. Alikuwa Nyati anakuja.

"Aaa, huyo ni mkubwa!" akasema Kifaru, na Nyati hajafika hata mlangoni. "Karibu sana, bwana!"

Nyati akatoa sarafu yake. Sarafu gani! Kilikuwa kifungo cha koti, chenye matundu manne na uzi unaning'inia. Kifaru akakisogeza mpaka puani, akaguna.

"Nane! Hongera, bwana!" Gwa!

Kindi akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Kumbe mzee haoni!" akanong'ona. "Anapima vishindo vya miguu!"

Asubuhi ya pili akakivunja kile kijisanduku, kra! Akaitoa sarafu yake. Akabeba mchi wa kutwangia, mtungi mtupu na mzigo mkubwa wa majani, akarudi kwa Kifaru akihema. Alipokaribia, akautwanga mchi chini kwa nguvu zake zote. Tii! Tii! Tii!

"Lo! Mkubwa gani huyo?" akauliza Kifaru kutoka ndani.

Kindi akatia mdomo kwenye mtungi. "NIMELETA SARAFU! NINA HARAKA!"

"Karibu ndani, bwana!"

"MLANGO NI MWEMBAMBA! NAPITISHIA DIRISHANI!"

Akairusha sarafu na majani ndani. Kifaru hata hakuigeuza. "Tisa!" akasema. "Tisa kabisa!" Gwa! Akakitoa kijisanduku nje kwa heshima, kichwa kimeinama.

Kindi akaenda moja kwa moja kwa Fisi. Fisi alipoona tisa, mate yakamtoka. Akakitikisa kijisanduku sikioni, kacha kacha. "Sikia inavyolia! Hii ndiyo sarafu, mama. Unataka nini?"

"Magunia mawili ya mbegu."

"Chukua matatu, kabla Nyati hajasikia!"

Siku ile ile Kindi na watoto wake wakapanda mpaka mgongo ukawauma. Usiku mvua ikanyesha.

Baada ya siku chache Fisi akashindwa kuvumilia, akaifungua ile nta aione tisa yake. Akaona picha ya mizani. Akaona kipengo. "Ala! Si ile ile takataka?" Mbio mpaka kwa Kifaru.

"Mzee! Sarafu hii nyeusi yenye kipengo, wewe umeipa tisa?"

Kifaru akapiga hesabu. Akiikana tisa, nchi nzima itajua kwamba haoni. Akainua pembe. "Unasema mimi sioni?"

"La, la, mzee! Sijasema hivyo!"

"Basi ni tisa. Nenda zako!"

Fisi akaja shambani, mkia katikati ya miguu. Mtama ulikwisha chomoza. Kindi alipomwona akaruka juu ya mti.

"Kindi! Umenidanganya!"

"Nimekudanganya nini? Juzi nilikuletea sarafu, ukanidai muhuri. Nikakuletea muhuri, sasa unanidai sarafu! Tena iko mkononi mwako, itazame basi."

Fisi akaitazama, na ndiyo mara ya kwanza kuitazama sawasawa. Ilikuwa sarafu nzuri kweli. Akaondoka nayo.

Ndiyo hivyo, wanangu: muhuri humwita mnunuzi, lakini anayekwenda kununua asiyaache macho yake nyumbani.