Tajiri Ghalibu na Bustani ya Mkwajuni

Tajiri Ghalibu aliitamani bustani ya mtaa wa Mkwajuni, pale watoto walipochezea na wazee walipopungia upepo. Alitaka kujenga kituo cha data, jumba kubwa lililojaa kompyuta zisizolala, zinazopozwa kwa maji. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, watu wakubali au wakatae.

"Kelele hakuna," Ghalibu aliwaapia. "Mtalala usingizi wa pono. Na maji yenu hayatapungua hata tone."

Bi Mashavu, ambaye nyumba yake ilipakana na bustani, akasimama huku akitabasamu.

"Jambo jema hilo, baba. Ndiyo maana asubuhi nilipita kwa mama yako. Uwanja wake ni mkubwa kuliko bustani yetu. Nilipomsimulia, alifurahi mno! Amesema kituo kijengwe kwake, nyuma ya chumba chake cha kulala. Mafundi wameshaanza kung'oa miti."

Ghalibu akaruka kutoka kitini, simu mkononi.

"Wazuieni! Mama yangu ana presha! Atalalaje na mngurumo ule? Na kisima chake si kitakauka?"

Mkutano mzima ukamkodolea macho. Hapo ndipo Ghalibu alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Mwenyekiti akauliza nani anakubali kituo kijengwe bustanini. Hakuna aliyeinua mkono.

Ghalibu akamgeukia Bi Mashavu. "Mama yangu alikwambia hayo saa ngapi?"

"Mama yako hata simjui, baba," alijibu Bi Mashavu, akijitanda kanga yake tayari kwenda zake. "Ila nilijua unampenda."