Mstari wa Kunde Shambani kwa Ambakisye

Soma hii polepole, na kama unamjua mtu mwenye shamba na tamaa, mtumie.

Alikuwepo mkulima mmoja aitwaye Ambakisye, mchapakazi kwelikweli, ila kusikia la mtu hakutaka. Mama yake alipofariki alimwachia shamba. Enzi zake mama alipanda mahindi kwa mistari iliyoachana hatua mbili, na katikati binti wa nyumba ndiye aliyetia kunde. Ukoo wao ulifanya hivyo miaka yote.

Msimu huo dada yake, Subilaga, alikuja na kibuyu cha mbegu za kunde. Ambakisye akamzuia mpakani.

"Rudi nazo, dada. Nafasi yote hii naijaza mahindi. Nitavuna mara mbili."

"Mdogo wangu, una watoto sita. Mahindi yakikataa, watakula nini?"

"Nimesema rudi!"

Subilaga akaondoka analia.

Mahindi yaliota yamebanana, yakarefuka hadi kupita paa la nyumba. Ambakisye akatamba kijiji kizima. Siku moja adhuhuri akaingia kuangalia kama yamekomaa. Akamenya hindi la kwanza: gunzi tupu. La pili, gunzi tupu. Akazidi kumenya na kusonga mbele, akiwawaza wanawe, mpaka alipogeuka hakujua tena alikotokea. Kila upande ni mabua tu.

Ndipo akasikia hatua za mtu mstari wa pili. Akisimama, nazo zinasimama. Akienda, nazo zinaenda. Upepo haukuwepo, lakini majani yalitikisika.

"Nani wewe?"

Ambakisye aliogopa, aliogopa hasa, mtu mzima na ndevu zake akamwita mama.

Alipotazama chini akaona mche wa kunde. Mbele yake mwingine, kisha mwingine, mstari ulionyooka. Mahindi ya kulia na kushoto yalikuwa yameachana hatua mbili, na si yeye aliyeyaachanisha. Udongo pale ulikuwa na unyevu. Akamenya hindi moja, akakuta limejaa punje. Akaufuata mstari mbio, hatua zile zikiwa nyuma yake, hadi akatokea nje.

Subilaga alikuwa amesimama pale. Alisikia ukelele akaja.

"Dada, Mungu akubariki. Kumbe ulinipandia kunde kwa siri!"

"Mimi? Tangu unifukuze sijakanyaga shamba hili."

Wakatazama mstari ule unaanzia wapi. Ulianzia miguuni pao, kwenye kaburi la mama.

Ndani ya mahindi, hatua zikasimama. Ambakisye akavua kofia, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Mwaka ule watoto sita walikula mahindi ya mstari mmoja, pamoja na kunde zake.

Funzo: Ukiona nafasi ambayo wazee hawakuijaza, usidhani walisahau, uliza kwanza walimwachia nani.