Mdomo wa Mlinzi wa Lango

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, mwenye njaa na aliyeshiba.

Tumesogea!

Hapo kale palikuwa na mji mlimani, jina lake Kwembago. Mji ulikuwa na ukuta wa mawe, na ukuta ulikuwa na lango moja tu.

Jioni ile hadithi hii ilipoanza, waliokuwapo ukumbini ni hawa. Alikuwapo Mzee Semkiwa, mwenye ukumbi, ambaye magoti yalimsumbua. Alikuwapo Mbaruku wa Kihiyo, mhunzi. Msimchanganye na Mbaruku mchunga mbuzi, maana yule hakuwa fundi wa kitu chochote. Alikuwapo Siwema, mke wa Mbaruku mhunzi, mwanamke wa maneno mengi. Alikuwapo Bi Mashavu binti Ngwena, bibi kizee mwenye jicho moja zima. Na karibu na mlango alikuwapo Sikudhani binti Shemboza, na bintiye mdogo, Tabu, amemlalia mapajani. Shemboza na Bi Mashavu walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo Bi Mashavu alikuwa shangazi yake Sikudhani.

Mchana watu hawa walilima na kufua vyuma kama watu wote. Jioni walikuwa na mchezo wao. Walichonga vijitu vya mti, kila kimoja kama kidole gumba, kisha wakavipaka rangi kwa brashi za manyoya ya mkia wa kindi. Nyekundu ilitoka kwenye udongo wa ngeu, nyeupe kwenye chokaa, nyeusi kwenye masizi ya chungu.

Na mchezo huo ulikuwa na desturi yake. Mtu akimaliza kijitu chake, alikiweka juu ya kigoda penye mwanga, akauliza:

"Kasoro i wapi?"

Wenzake walikitazama, wakamwonyesha kasoro. Naye alijibu:

"Umenipa macho."

Ndipo wenzake waliporuhusiwa kumsifu. Kabla ya hapo, hapana.

Desturi hiyo ilikuwa na sababu. Vijitu vilivyo bora viliwekwa juu ya ukuta. Zimwi likijionyesha, vijitu huinuka vikawa watu wazima, na kila kimoja hufanya kama kilivyochorwa. Mkubwa wao alikuwa mlinzi wa lango, mwenye baragumu. Baragumu lake likilia, zimwi haliwezi kuinua mguu.

Basi, mwaka huo mlinzi wa lango aliliwa na mchwa. Sikudhani ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza mwingine. Alikuwa hajawahi kupewa kazi kubwa kama ile, na jioni hiyo alikuwa amekileta kijitu chake ndani ya kitambaa.

Alikiweka juu ya kigoda.

"Kasoro i wapi?"

Kabla mtu hajajibu, sauti ilitoka mlangoni.

"Kasoro? Mimi sioni kasoro. Maridadi! Maridadi! Maridadi mno!"

Alikuwa mgeni, mwanamume mzuri wa sura, amevaa kanzu nyeupe na kilemba kikubwa kilichomfunika mpaka shingoni. Alisema jina lake ni Nderemo. Jina la baba yake hakulitaja, wala hakuna aliyemwuliza.

Sikudhani alihisi moyo wake umekuwa mtamu kama muwa. Hakuna aliyewahi kumsifu hivyo kabla ya kumkosoa.

Bi Mashavu alikisogeza kijitu karibu na jicho lake zima.

"Rangi nzito, mwanangu," alisema. "Hukutia maji ya kutosha. Mdomo umezibika. Huyu baragumu atalipuliza kwa kitu gani, kwa sikio?"

Siwema alicheka mpaka akapaliwa. Uso wa Sikudhani ukawaka moto.

"Bibi," alisema Nderemo kwa upole, "mbona unamvunja moyo binti wa watu? Mtu ametoa jasho lake. Msifu!"

"Nikimsifu, mdomo utafunguka?"

"Shangazi una wivu," Sikudhani alisema. "Jicho lako moja limechoka, sasa unataka na yetu yachoke."

Bi Mashavu alikirudisha kijitu juu ya kigoda taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Mlango wangu haufungwi." Akachukua mkongojo wake, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuitwa tena ukumbini. Na yule mlinzi aliwekwa juu ya lango hivyo hivyo.

Basi, Nderemo alikaa Kwembago, na desturi ikageuka. Hakuna aliyeuliza tena, "Kasoro i wapi?" Waliuliza, "Mwaonaje?" na jibu lilikuwa moja.

Mbaruku wa Kihiyo alileta mpiga mkuki. Rangi ilikuwa imevigandisha vidole vyake vyote pamoja, mkono ukawa kama mguu wa bata.

"Mwaonaje?"

"Maridadi! Maridadi! Maridadi mno!"

Siwema alileta mpiga upinde. Jicho moja lilitazama shambani, jingine lilitazama jikoni.

"Mwaonaje?"

"Maridadi! Maridadi! Maridadi mno!"

Mzee Semkiwa alileta askari mwenye ngao. Kilichokuwa ngao na kilichokuwa tumbo, Mungu ndiye ajuaye.

"Mwaonaje?"

"Maridadi! Maridadi! Maridadi mno!"

Na kila aliyesifiwa alirudisha sifa, maana sifa haipokewi mikono mitupu. "Nawe pia, Bwana Nderemo, maridadi!" Akisifiwa hivyo, Nderemo aliongezeka kimo. Mwezi wa kwanza alipita mlangoni akiwa amesimama wima. Mwezi wa pili aliinama. Mwezi wa tatu aliingia kwa magoti.

"Umenawiri, bwana," watu walimwambia. Kisha wakakipandisha kizingiti cha juu cha mlango wa ukumbi, na hakuna aliyesema neno zaidi.

Siku moja mvua ilinyesha, na Nderemo akaomba kujikinga nyumbani kwa Sikudhani. Sikudhani alimkaribisha, akampikia uji. Mgeni aliketi akitazama moto, amempa mgongo.

Tabu alipita nyuma yake akiburuta mwanasesere wake. Mwanasesere akanasa ncha ya kilemba, kikateleza.

Sikudhani aliona mdomo. Ulikuwa kisogoni, mwekundu, una meno. Ulipomwona Tabu, ulijilamba.

Mwiko ulimdondoka Sikudhani mkononi.

Nderemo alikivuta kilemba, akageuka, akatabasamu kwa mdomo wa mbele. "Binti Shemboza, naona umenitazama. Kilemba changu kimekaaje?"

Sikudhani alitaka kusema. Neno lilifika kooni likakwama. Atamwambiaje mtu aliyemwita fundi mbele ya mji mzima? Na yeye akisema kasoro ya huyu, huyu si atasema kasoro ya mlinzi wake?

"Maridadi," alisema.

Boriti ya paa ikalia, kwa maana kichwa cha Nderemo kilikuwa kimeigusa.

Usiku kucha Sikudhani hakupata usingizi. Alimkumbatia Tabu mpaka mtoto akalalamika.

Kesho yake jua lilipokuwa linashuka, Nderemo alisimama katikati ya uwanja, akakifungua kilemba chake, akakitupa. Kanzu ilipasuka. Nderemo hakuwapo tena. Palikuwa na zimwi lenye manyoya, lenye kucha, lenye gunia begani. Lilimnyakua Tabu pale alipokuwa akicheza, likamtia ndani ya gunia.

"Leo nala kitoweo," lilisema kwa mdomo wa mbele.

"Kesho nala mji," lilisema kwa mdomo wa nyuma.

"Jamani," alilia Mzee Semkiwa, "si husemwa zimwi likujualo halikuli likakwisha?"

"Hili litatumaliza, mzee!" alijibu Siwema. "Inua magoti ukimbie!"

Juu ya ukuta vijitu viliinuka vikawa watu wazima. Mpiga mkuki aliushika mkuki, ukamponyoka, maana vidole havikuachana. Mpiga upinde alililenga zimwi, akapiga chungu cha maharage cha Siwema. Askari wa Mzee Semkiwa alijikinga kwa tumbo, akaanguka. Na mlinzi wa lango aliinua baragumu lake, akalileta usoni, akalizungusha huku na huku kama mtu anayetafuta mlango gizani. Mdomo haukuwapo.

Zimwi lilicheka kwa midomo yote miwili. "Maridadi!" lilisema. "Maridadi! Maridadi mno!" Likaanza kutembea kuelekea langoni, na ndani ya gunia Tabu alikuwa akimwita mama yake.

Sikudhani hakulifuata zimwi. Alikimbilia nyumba ya Bi Mashavu. Mlango ulikuwa wazi.

"Shangazi!" Alipiga magoti. "Kasoro i wapi?"

Bi Mashavu hakumwuliza alikuwa wapi siku zote hizo. "Mdomo," alisema. "Nilikwambia mdomo, bado ni mdomo. Chukua maji ya moto, chukua na mwiba. Na unishike mkono, maana siwezi kukimbia."

Walifika langoni kabla ya zimwi, kwa kuwa zimwi lilikuwa likitembea kwa maringo. Sikudhani alipanda ngazi. Uso wa mlinzi ulikuwa umefunikwa ngeu nene, ngumu kama ukoko wa ugali. Aliulowesha kwa maji, akaanza kuukwangua kwa mwiba.

"Polepole," Bi Mashavu alisema kutoka chini. "Ukikwaruza mti, umemharibu."

"Linakuja, shangazi!"

"Naliona. Nina jicho moja, si kwamba sina. Shuka kidogo. Upande wa kushoto. Hapo!"

Ukoko ulibanduka. Chini yake palikuwa na midomo myembamba, ile ile Sikudhani aliyoichonga kwa mkono wake, akaizika kwa mkono wake. Mlinzi alivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Akaliweka baragumu mdomoni, akapuliza.

Mguu wa zimwi uligota ardhini. Likajaribu mwingine, nao ukagota.

Lakini pumzi ya mlinzi ilikuwa na mwisho, na zimwi lilijua hivyo. Lililainisha sauti, likawa Nderemo tena kwa maneno.

"Binti Shemboza, fundi wa mafundi! Mlinzi wako ni maridadi. Nami je? Niambie kama ulivyoniambia jana, nikue, nijinasue, nami nitakurudishia mtoto."

Sikudhani alisimama juu ya ngazi. Kooni mwake lilikuwapo neno la jana, limekaa pale pale. Safari hii alilitoa.

"Una mdomo kisogoni!"

Zimwi lilipungua dhiraa nzima. Watu wote waliona. Hata zimwi liliona.

"Na manyoya yako yana kupe!" alipiga kelele Mbaruku wa Kihiyo. Likapungua.

"Na kanzu yako haikukutosha tangu mwezi wa pili!" alisema Siwema. "Nilikuwa na neno hilo rohoni, nikanyamaza!" Likapungua.

"Na kwa ajili yako nilivunja mlango wangu," alisema Mzee Semkiwa, "na ni mimi niliyekuambia umenawiri. Hukunawiri. Umevimba!" Likapungua.

Pumzi ya mlinzi ilikuwa imekonda kama uzi. Zimwi lilikuwa sasa kimo cha mbuzi, na gunia lilikuwa linalilemea. Hapo sauti ndogo ikatoka ndani ya gunia:

"Na gunia lako linanuka!"

Gunia likalielemea zimwi, likalifunika. Walipolifunua, walikuta kijitu cha mti kama kidole gumba, chenye midomo miwili. Tabu alitoka akitambaa, ana vumbi la gunia puani, akauliza kama uji umeiva.

Sikudhani alikaa chini pale pale langoni. Alicheka na kulia, akamnusa mtoto wake kichwani, akacheka tena. Watu walijitupa chini popote walipokuwa, kama watu waliotua mizigo baada ya mlima. Siwema aliyaokota maharage yake huku akimtukana mpiga upinde wake mwenyewe.

Mlinzi wa lango alirudi kuwa kijitu. Bi Mashavu alikiokota, akakisogeza karibu na jicho lake zima. Akakigeuza. Sikudhani alifuta macho, akasubiri.

"Mdomo sasa upo," alisema Bi Mashavu. "Pua imepinda."

"Umenipa macho, shangazi."

Bi Mashavu alikitazama tena kwa muda mrefu.

"Lakini mikono," alisema, "namna lilivyoshikwa lile baragumu. Mimi nisingeweza."

Kwa muda wa miezi mitatu Sikudhani alikuwa amesikia sifa kila jioni, wala hakukumbuka hata moja. Hiyo aliilalia, akaiamkia, akaizeekea.

Kile kijitu chenye midomo miwili kiliwekwa kwenye rafu ukumbini. Watoto wanaoanza kujifunza huonyeshwa hicho kwanza, huulizwa kasoro i wapi, na hawamalizi kuzitaja mpaka wanaitwa kula.

Hadithi yangu naitua hapa. Aliye na mikono aipokee. Anayekuonyesha kasoro yako kwa sababu anakutakia mema ni ndugu yako. Anayekusifu kabla hajatazama, mtazame kisogoni.

Na mkiniuliza habari za Bi Mashavu binti Ngwena, alifariki mwaka uliofuata, wakati wa palizi ya mahindi.