Nyumba ya Mchanga wa Urani

Watu hupenda kuitaja methali ya mchelea mwana kulia pale tu wanapomwona mtoto wa jirani amekosa adabu. Huitamka wakiwa wamesimama mlangoni, mikono kiunoni, kana kwamba wao haiwahusu. Maana yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuibeba: mzazi akiogopa kumkatalia mwanawe jambo baya kwa sababu ya machozi yake, machozi hayo yatakuja kuhamia kwenye mashavu ya mzazi mwenyewe. Mama mmoja, mjane wa mgodini, aliijua methali hii tangu utotoni. Kuijua hakukumsaidia.

Mji wao ulizaliwa na mgodi wa urani na nusura ufe nao. Zamani, vinu vya nyuklia vya nchi za mbali vilipokuwa na njaa, mgodi ulinguruma usiku na mchana. Kisha nchi hizo zikaingiwa na hofu ya mionzi, bei ikaporomoka, na wenye mgodi wakafunga virago bila kuaga, kama mgeni aliyevunja chungu. Waliacha mashimo. Waliacha wagonjwa wa kifua. Na nyuma ya mji waliacha kilima cha mchanga wa kijivu, makapi ya mawe yaliyosagwa na kukamuliwa urani. Walikizungushia seng'enge na kusimamisha kibao chenye fuvu la kichwa. Seng'enge iliishia kwenye mazizi ya mbuzi, na kibao kikawa mlango wa banda la kuku.

Mchanga wenyewe ulikuwa laini kama unga, tena wa bure. Waashi waliusifu kwamba ukichanganywa na saruji, lipu yake hung'ang'ania ukuta kama kupe. Nyumba moja ikapigwa lipu ile, ya pili ikafuata, na mwisho hata mwenye shaka akaona haya kuwa na shaka peke yake.

Yule mama hakusahau. Marehemu mumewe alikuwa msagaji katika kinu cha mgodi, na siku zake za mwisho, akihema kama mvukuto, alimshika mkono akamwambia, "Mke wangu, mchanga ule hata banda la kuku usilijengee. Bado una moto ndani, ila moto wenyewe hauonekani." Alipozikwa, mama alibaki na mwana mmoja tu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mboni, kwa kuwa alikuwa mboni ya jicho la mamaye. Mboni hakuwahi kuonja neno "hapana". Akililia peremende, alinunuliwa mfuko mzima. Akivunja dirisha la jirani, mama alikwenda kuomba radhi na mwana akachinjiwa kuku.

Miaka ikapita, dunia ikageuka. Nchi zilezile zilizoogopa mionzi sasa ziliogopa moshi wa makaa na giza la kukosa umeme. Vinu vilivyozimwa vikawashwa, vipya vikajengwa, bei ya urani ikapaa kama tiara. Lango la mgodi likapakwa rangi. Kampuni ilikuja na jina jipya na kiburi cha zamani. Mji ulipiga vigelegele, maana mji wenye njaa haumuulizi mgeni alimla nani safari iliyopita.

Mboni, wakati huo akiwa na mke na binti aliyeanza kutambaa, aliona wafanyakazi wakimiminika wakitafuta pa kulala. Akaamua kuongeza vyumba vya kupangisha upesi, na kimoja kizuri cha mwanawe. Jioni moja alimkuta mama yake akichambua mchele.

"Mama, kesho tunaleta mchanga wa kilimani."

Mikono ya mama ikasimama. "Mchanga upi, baba?"

"Kwani kuna mwingine? Ule wa bure."

"Marehemu baba yako alisema..."

"Haya, kaanza!" Mboni alimgeukia mkewe. "Nusu ya mji inalala ndani ya mchanga ule. Mbona hawajaota mikia?"

"Mikia haioti, mwanangu. Watu ndio wanaopungua."

"Wenzangu wana wazazi wa kuwasukuma mbele, mimi nimepewa breki!" Sauti ikamkatika, na mwanamume mzima mwenye ndevu akabubujikwa na machozi. "Basi sijengi. Nachukua mke wangu na mtoto wangu, tunahama. Wewe baki na marehemu wako."

Mkewe, aliyekuwa na mtoto mgongoni, alisogea. "Mama, kama kuna jambo unalijua, sema. Huyu ndiye atakayelala mle ndani."

Hapo mlango wa kusema ulikuwa wazi kama mchana. Neno moja tu lingetosha. Lakini mama alimtazama mwanawe akijifuta kamasi kwa mkono wa shati, akaona tena kile kitoto cha peremende, na moyo wake ukayeyuka kama samli juani.

"Hakuna kitu, wanangu," alisema. "Mawazo ya kizee tu. Jengeni."

Asubuhi yake alijifunga kitambaa puani akawasaidia kuchekecha mchanga.

Nyumba ikasimama, ikasifiwa. Kitanda cha mtoto kiliegemezwa ukutani kwa sababu ukuta ulikuwa na ubaridi mzuri. Binti yule alikuwa na mchezo wake: kulamba lipu. Baba yake alicheka, "Mnaona? Anaonja jasho langu!" Bibi alimvuta kila mara, akampangusa ulimi kwa kanga, na asiseme kwa nini. Neno lililokwishamezwa lilikuwa limegeuka mfupa kooni.

Mtoto alianza kufifia kabla ya kutimiza umri wa kwenda shule. Homa haikuisha, mwili ulivilia damu hata akiguswa tu, na rangi ikamtoka kama kitambaa kilichoachwa juani. Hospitalini waliambiwa ni saratani ya damu. Mama wa mtoto alipouliza imetoka wapi, daktari alisema hakuna awezaye kuapa kwamba ni ukuta, wala hakuna awezaye kuapa kwamba si ukuta.

Wiki hizohizo kampuni ilikumbuka kilima chake. Bei ilikuwa imepanda hivi kwamba hata makapi yalifaa kukamuliwa upya. Wakakuta kilima kimeliwa upande, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na kipimo cha mionzi. Kwa Mboni kipimo kilitoa mlio wa kudonadona ukumbini, kama kuku. Kilipofikishwa ukutani penye kile kitanda, kililia mfululizo.

"Nani analala hapa?" fundi wa kipimo aliuliza.

Mboni alikivuta kitanda kutoka ukutani. Mkaguzi wa kampuni, aliyebaki nje asichafue viatu, alisema kuta zitabomolewa na kifusi kipelekwe kinuni. "Ni mali ya kampuni," alisema. "Mshukuru hatuwashtaki kwa wizi."

"Mliacha sumu mlangoni petu, leo mnaiita mali!" Mboni alifoka. Kisha akamgeukia mama yake, na sauti ikashuka. "Mama. Ulikuwa unajua?"

Mama alijifunika uso kwa kanga. Mkewe Mboni, aliyekuja kuchukua nguo za mtoto, alimwangalia bila hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Nilikuuliza, mama," alisema. "Siku ile nilikuuliza."

Mtoto alizikwa kabla ukuta haujaangushwa. Majirani waliokuja kuhani waliilaani kampuni, na walikuwa na haki. Aliyetema sumu na kukimbia haondolewi hatia na kosa la aliyeikanyaga. Lakini kampuni haikuwahi kumpenda mtoto yule. Aliyempenda ndiye aliyekuwa na neno la kumwokoa, akalificha ili mwanawe asinune.

Mboni hakulia. Alifunga mizigo, akamshika mkewe mkono, wakahamia mji mwingine bila kuacha anwani, yaani lile lile ambalo mama alinyamaza ili lisitokee. Tingatinga la mgodi lilipokuwa likizoa kuta za nyumba na kuzimwaga ndani ya lori, mjane alikuwa amekaa kwenye vumbi la ua, peke yake, akilia kwa sauti ambayo injini haikuweza kuizima. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.