Bomba la Zamu

Mwanamke mmoja alikuwa na kibanda cha chai kwenye kalavati, pale njia ya udongo inayoshuka kutoka kijijini mlimani inapokutana na barabara ya lami. Jina lake Nakijwa. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja tu, Eliwaza, kwa hiyo watu walimwita Mama Eliwaza. Alikuwa mtu wa kazi, asiyependa maneno mengi. Kijiji kilimwamini, na ndiyo sababu kilimkabidhi kitu chake kimoja cha halali akitunze.

Kitu hicho kilikuwa bomba la moshi la pikipiki.

Sheria ya barabara ilikuwa fupi. Pikipiki ikiingia kwenye lami iwe na bomba ililotoka nalo kiwandani, lenye muhuri, lenye kumeza kelele. Trafiki walisimama kilomita moja chini ya kalavati. Walichuchumaa, wakatafuta muhuri, na pikipiki isiyo nao waliipakia kwenye gari lao. Mcharo, dereva mmoja wa bodaboda, alikamatwa hivyo, na pikipiki yake ya kwanza ilikaa kituoni mpaka majani yakaota kati ya magurudumu. Lakini huku juu, kwenye njia za msituni na za mashamba ya tangawizi, hakuna askari aliyepanda. Huku kila mtu aliendesha alivyotaka.

Nao madereva walitaka kelele. Walinunua mabomba mafupi yaliyo wazi, ambayo pikipiki ikiwashwa chini ya kilima yanasikika hadi shuleni. Walisema kelele inaokoa maisha, kwa kuwa kona za mlimani ni kali, na mwanamke mwenye mzigo kichwani akisikia mapema atakaa pembeni. Hilo lilikuwa na ukweli wake, ingawa mdogo. Ukweli mkubwa zaidi ni kwamba abiria walimtokea yule waliyemsikia kwanza. Dereva aitwaye Kirumbe, wa mwisho kubaki na bomba la kiwandani, alipita kwenye milango ya watu asubuhi nzima bila mtu kutoka. Wenzake walimcheka.

"Kirumbe, hiyo ni pikipiki au cherehani? Tushonee suruali basi!"

Akina mama waliolalamika Jumapili kwamba kelele zinawashtua watoto, Jumatatu walipanda pikipiki za kelele. Nakijwa alikuwa mmoja wao. Kirumbe alivumilia mwaka mmoja, kisha naye akanunua bomba la wazi.

Ndipo ilipojulikana kwamba wenzake wote walikwisha kuuza ya kiwandani kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Katika kijiji chenye pikipiki kumi na mbili, bomba halali lilibaki moja, lile la Kirumbe. Hawakugombana. Pikipiki zote zilikuwa za aina moja, na bomba hilo liliingia katika kila moja. Wakakubaliana liwe la wote, likae kwa Mama Eliwaza, na kila anayeshuka mjini alichukue kwa zamu. Dereva alisimama kwenye kalavati, akafungua nati kwa spana, akavua la kelele na kufunga la kimya. Aliporudi alilivua, akalikabidhi likiwa bado la moto, akapanda mlima akinguruma. Na aliyefika akakuta limekwenda, alipiga resi mara tatu. Ngurumo ilishuka bondeni mpaka mjini, na mwenye bomba aliisikia akarudi haraka, kwa sababu yeye ndiye pekee aliyekuwa kimya kiasi cha kuweza kusikia.

Watu waliona wamepata akili. Baada ya muda walipiga resi vilevile kwa harusi, kwa goli la timu yao, kwa mtoto wa fulani aliyefaulu. Trafiki mmoja aliwahi kunywa chai pale akamwambia Nakijwa, "Watu wa mlimani mnatii sheria kweli, Mama. Sijawakamata miezi mingi." Nakijwa akamwongezea chai. Kila jioni alilifuta bomba lile masizi kwa kitambaa, mpaka muhuri ukasomeka vizuri, na alijiona ana heshima kwa kazi hiyo.

Eliwaza aliolewa palepale kijijini, akapata mimba. Mume wake alikuwa kibaruani mbali. Asubuhi moja ya mvua chupa ilipasuka kabla ya wakati, na damu ikafuata. Mcharo alimshusha kutoka mlimani polepole, wamefungwa pamoja kwa khanga ili asidondoke. Hospitali ilikuwa kilomita sita mbele, kwenye lami. Walipofika kwenye kalavati, bomba halikuwepo. Kirumbe alikuwa amelichukua alfajiri kupeleka magunia ya tangawizi sokoni.

Mcharo hakuzima pikipiki. "Mama, niende naye hivihivi?"

Nakijwa aliitazama lami. Hakuwa mtu wa kupayuka. Alifikiri kama alivyozoea kufikiri siku zote, kwa kupima. Aliikumbuka pikipiki iliyoota majani kituoni. Alimwona binti yake ameshushwa kando ya barabara, kwenye mvua, askari wakibishana na dereva.

"Hapana," akasema. "Wakikukamata njiani utamwacha wapi? Ngoja bomba."

Wakamlaza Eliwaza kwenye mkeka nyuma ya pazia la kibanda. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai alisema zamani wagonjwa walibebwa kwa machela, watu wanne wakipokezana, na kwamba wakianza sasa watafika. Wakamwambia kwamba Kirumbe anarudi sasa hivi. Mcharo akapiga resi mara tatu. Hakuna aliyetokea. Akapiga tena. Madereva wengine walisikia huko juu, wakajua si kawaida, wakashuka mmoja mmoja hadi wakatimia kumi na mmoja. Walikuwa na huruma kweli. Kila mmoja aliigeuza pikipiki yake kuelekea bondeni akavuta resi, na hakuna aliyehesabu tena mara tatu. Bati la kibanda lilitetemeka. Vikombe viligongana.

Kirumbe alisikia. Alikuwa amebeba gunia begani, akasimama kidogo, akasema na mwenye duka, "Leo huko kwetu kuna harusi gani tena?" Akaendelea kushusha magunia.

Nakijwa alimshika binti yake mkono, akachemsha maji, akabadilisha khanga. Kisha akatoka kwenda kutazama barabara. Hata baadaye hakuweza kusema alisimama pale muda gani. Alisimama kati ya pikipiki kumi na moja zinazonguruma, mvua ikimpiga usoni, akitafuta kwa macho ile moja isiyo na kelele. Alikuwa hatua sita kutoka kwenye pazia.

Hatimaye Kirumbe akatokea kwenye kona. Madereva wakazima pikipiki zao kwa pamoja. Nakijwa akageuka ili amwite binti yake, amwambie amefika, na ukimya uliokuwa pale kibandani ukamwambia kabla hajafungua pazia. Eliwaza alikuwa amejiburuta kutoka kwenye mkeka, mkono mmoja umeshika upindo wa pazia. Sakafu yote ilikuwa damu. Mdomo wake ulikuwa wazi, kama wa mtu aliyeita kwa muda mrefu. Mtoto hakuzaliwa.

Kirumbe alisimama mlangoni na spana mkononi. Alikuwa ameanza kufungua nati.

Walizika siku ya pili. Wiki iliyofuata trafiki yule wa chai alipita kutoa pole. "Mama, mngempitisha tu," akasema. "Nani angemkamata mtu aliyebeba mzazi?" Huenda alisema kweli, huenda hakusema. Nakijwa alimmiminia chai. Alijua kwamba swali hilo lilimpasa yeye kulijibu siku ile, akiwa na dereva tayari na pikipiki inayowaka, naye alikwisha kulijibu.

Matanga yalipokwisha, madereva walikutana kwenye kibanda. Walilia, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Walisema jambo kama hili lisitokee tena. Mcharo, ambaye alikuwa hajala vizuri siku nane, akasema basi kila mtu anunue tena bomba la kiwandani alifunge kwenye pikipiki yake, yaishe, wasiwe na cha kungoja.

Wakatazamana.

"Mcharo, tunakuelewa una uchungu," mmoja akasema kwa upole. "Lakini unataka wote tuwe cherehani? Abiria wa kule juu watatusikia vipi?"

Wengine wakaitikia kwamba hilo nalo lina uzito wake. Jambo likajadiliwa kwa utulivu, kila mtu akapewa nafasi ya kusema. Mwisho wakakubaliana kwa kauli moja kwamba kosa lilikuwa bomba kuwa moja, na kwamba kijiji kitafute la pili, nalo likae kwa Mama Eliwaza. Walipoambiwa wanyooshe mikono, Nakijwa, aliyekuwa akipitisha chai, aliweka birika chini akanyoosha wake.

Nanyi mnaosikia habari za watu hawa na kutikisa vichwa, nawauliza jambo moja tu: kwenu, leo hii, kutenda haki, kama bomba lile, ni zamu ya nani?